Nguo za G-Unit hazikuwepo 1999

Hapana mkuu, hiyo picha ya singlendi ya G-Unit na mlegezo unayosema ni ya 1999 haiwezi kuwa ya mwaka huo, nguo za G-Unit rapa wa Marekani 50 Cent alizianzisha 2003 akishirikiana na mbunifu wa mavazi Marc Ecko, mwaka uleule albamu yake iliyomtoa ilipoingia sokoni. Mi mwenyewe nilikuwa namsaidia braza kuuza mitumba pale Mwanga, Kigoma, na zile singlendi zilivyofika huku watu waligombania mpaka zile feki zimeandikwa G-Unity, tena mtu anavaa na cheni ya bati shingo inabaki ya kijani 😂. Bandana na mlegezo sawa, hizo zilikuwepo toka enzi za Tupac, ila hiyo singlendi ndo inakuumbua.