Picha ya nyeusi na nyeupe inatoka na ukijani: usikimbilie kununua printa nyingine

Mkuu, umesema picha ya marehemu baba yako kwenye kompyuta ni nyeusi na nyeupe safi, ukiiprinti inatoka na ukijani, na fundi kakushauri ubadilishe printa. Shika hela yako kwanza.

Mimi yalinikuta na picha ya babu, kapigwa studio akiwa na kanzu nyeupe na kofia. Niliiskani, nikaiprinti usiku, na chini ya balbu ya sebuleni ikapendeza kweli. Asubuhi naipeleka dirishani, kanzu ina ukijani! Karatasi ileile, wino uleule, kilichobadilika ni mwanga tu.

Printa nyingi za nyumbani hazina wino wa kijivu. Kijivu zinakipata kwa kuchanganya sayani (buluu ya maji), majenta (waridi iliyokolea) na njano, na mmoja ukizidi hata kidogo jicho linaona. Kwenye picha ya rangi kasoro hiyo inamezwa na vitenge na majani, ila kwenye kanzu nyeupe haina pa kujificha. Halafu mchanganyiko huo juani unaonekana hivi, kwenye balbu vile. Kwa hiyo amua mapema picha itatundikwa wapi, na uikague palepale.

Wengi hawajui hili: printa nyingi za rangi nne zina wino mweusi wa pigmenti, yaani wa chembechembe za rangi zisizoyeyuka, kwa ajili ya maandishi. Ukichagua karatasi ya picha inayong'aa, mweusi ule hautumiki, weusi wote unatoka kwenye zile rangi tatu. Ndiyo maana mimi nilihamia karatasi nzito isiyong'aa. Unaweza pia kuamuru printa itumie mweusi peke yake. Ukijani utaisha, lakini tazama paji la uso na mashavu: utaona vitone kama mchanga, kwa sababu wino mmoja mweusi unaonyesha kijivu hafifu kwa kutawanya nukta. Kwa picha kubwa ya kutazamwa kwa mbali sawa, ya kushika mkononi hapana.

Kilichoniokoa ni vipande vya majaribio. Nilikata sehemu ndogo yenye uso na kanzu, nikaipanga mara tano kwenye A4 moja, kila kipande nimekizidishia majenta kidogo juu ya kile kilichotangulia. Usiguse kitu kingine chochote, la sivyo hutajua kipi kimesaidia. Niliacha zikauke hadi kesho yake, maana wino mbichi unadanganya. Cha tatu ndicho kilichokubali, nikaandika vipimo vyake nyuma kwa penseli. Siku nikibadilisha wino au karatasi, hata kama wino wa kujazia umeandikwa unafaa printa yangu, narudia upya.

Kabla ya yote hayo, printi ukurasa wa kukagua nozeli, vile vitundu vinavyotoa wino. Majenta ikiwa imeziba, utahangaika na mipangilio bure. Punguza na mwanga wa kioo cha kompyuta, ukiwa mkali sana picha zitatoka na giza.

Ukija kununua baadaye, tafuta yenye wino wa kijivu, kama Epson L8180. Kwa sasa niambie una karatasi gani, wino gani, na umechagua aina gani ya karatasi kwenye mipangilio, tuanzie hapo.