Masta ya uhandisi wa programu kwa njia ya changamoto: inamfaa aliye kazini?

Mkuu, umeuliza kama masta yenye mihadhara michache, ile ya kupewa tatizo na kuambiwa mlitatue, inamfaa mtu ambaye tayari anaandika programu kazini. Nimesoma kwa mtindo huo nikiwa na ajira. Inafaa sana, ila kwa sharti moja: tatizo lije bichi. Likija limeshaelezwa kila kitu, hutapata cha zaidi ya unachofanya ofisini kila siku.

Nikupe mfano. Tulikabidhiwa mfumo wa kuuza tiketi ulioandikwa na watu wengine, pamoja na lalamiko la mstari mmoja: mara mojamoja kiti kimoja kinauzwa kwa watu wawili. Basi. Kwenye kompyuta zetu kila kitu kilikuwa shwari. Ilibidi tuandike jaribio la kutuma maombi mengi kwa mpigo ndipo hitilafu ikajitokeza: maombi mawili yanasoma kwamba kiti kiko wazi kabla lolote halijaandika kuwa kimeuzwa. Miamala ya hifadhidata, yaani hatua kadhaa zinazotekelezwa kama kitu kimoja, zote au hakuna, tulishaisoma shahada ya kwanza, lakini hapa hakuna aliyetuambia kwamba swali linahusu miamala.

Kundi moja likaweka kufuli, yaani kizuizi cha kuruhusu ombi moja tu kwa wakati, ndani ya programu yenyewe, na majaribio yao yakapita. Wiki iliyofuata mhadhiri akabadilisha hali: mfumo sasa unaendeshwa kwenye seva mbili. Kufuli lile likaishiwa nguvu, maana kila seva ina kumbukumbu yake na haioni kilichofungwa kwa mwenzake. Sisi ulinzi tulikuwa tumeuweka kwenye hifadhidata: amri moja tu, badilisha kiti kiwe kimeuzwa endapo bado kiko wazi, kisha tazama ni rekodi ngapi zimebadilika. Ikirudi sifuri, mteja anaambiwa kiti kimeshachukuliwa. Ubishi uliofuata kati ya makundi, kwa nini hili limesimama na lile limeanguka, ulinifundisha kuliko mhadhara wowote niliowahi kuhudhuria.

Wanaosema mtindo huu wa kufundisha bado ni wa kujaribiwa tu, waambie McMaster, chuo kikuu cha Kanada, ilianza kufundisha udaktari kwa matatizo tangu miaka ya 1960, na Aalborg, chuo kikuu cha Denmark, imejengwa juu ya miradi tangu ilipoanzishwa mwaka 1974.

Kitu cha kuchunguza kabla hujaomba ni utoaji wa alama. Alama zote zikiwekwa kwenye mfumo unaofanya kazi siku ya mwisho, yule mkali wa kundi ataandika kila kitu na wengine watabaki watazamaji. Kwetu tuliandika kila uamuzi, njia tulizozikataa na sababu zake, halafu kila mmoja akahojiwa peke yake, hata kuhusu msimbo ambao hakuuandika yeye. Hapo hakuna wa kujificha.

Muda utakubana, hilo lipo. Na kama mitandao au hifadhidata hujazishika vizuri, zipitie kwanza, la sivyo utakuwa unabahatisha huku wenzako wanachambua.

Kabla ya kulipa ada, waombe wakuonyeshe tatizo moja la mwaka uliopita na namna lilivyosahihishwa.