Nundu za kroshia kutokea nyuma ya kitambaa: yaliyonikuta miye

Dada uliyeuliza kwa nini nundu zako zote (bobble, vile vivimbe vya uzi) zimechomoza nyuma ya kitambaa na huku video umeifuata neno kwa neno: mkono wako mzima, ulichokosea ni safu. Nundu siku zote hutokea upande usiokutazama. Kwa hiyo zifume kwenye safu ambayo umeshika mgongo wa kitambaa, na ukigeuza uje na safu tupu ya mafundo mafupi.

Miye nimeyajua haya baada ya hasara. Nilikuwa Chake Chake, Pemba, mwezi wa Shaabani, nafuma foronya ya mto niiwahishe Idi. Nimefika safu ya 12 nikamwonesha mama mdogo. Akaipapasa, akaigeuza, akaniuliza, "Mwanangu, mto huu unavaliwa ndani nje?" Nilifumua zote.

Nundu yenyewe hivi: zungusha uzi kwenye sindano, ingiza tunduni, vuta kitanzi, zungusha tena upitishe vitanzi viwili tu. Usilimalize fundo. Rudia tundu lilelile hadi zitimie mara tano, utahesabu vitanzi 6 kwenye sindano. Vikiwa 5 umeruka kimoja. Hapo zungusha uzi upitishe vyote kwa mara moja, na hapa ndipo wanafunzi wengi tunapong'ang'ana. Ukivuta kwa nguvu sindano inanasa. Miye hushika shina la nundu kwa kidole gumba, mdomo wa sindano nauelekeza chini, inapita. Halafu fundo fupi mara moja, tena libane, maana hilo ndilo linaloisimamisha nundu. Ukifuatisha fundo refu, nundu inalala kama andazi lisiloumuka.

Pembeni kama kunapungua, unaruka fundo la mwisho. Tia pini ya nguo hapo, kila safu uihamishe. Basi.

Na angalia maelezo unayosoma ni ya wapi. Wanachokiita dabo Marekani, yaani fundo refu, Uingereza ni trebo, na dabo ya Uingereza ni fundo fupi tu. Ukichanganya, nundu inakuwa kipele.

La uzi nalo usilidharau. Nundu zinakula uzi kuliko kitambaa cha kawaida, kwa hiyo nunua wote siku moja, na utazame namba ya mkupuo wa kutia rangi (dye lot) kwenye karatasi ya kila bonge, zilingane. Miye uliniishia nimebakisha safu nne. Wifi yangu akaninunulia sokoni Darajani, Unguja, akanitumia kwa boti, rangi ileile kwa jina. Usiku kwenye taa sikuona kitu. Asubuhi ya Idi, dirisha wazi, kijani cha juu kiko mbali na cha chini. Mto ule hadi leo nauweka upande huo ukutani.