Mnyama wako analegea kwa sababu ulianza na ngozi (jibu refu kidogo, natokea Mikindani)

Mkuu umesema uko Masasi, umetengeneza kuku mwenye shingo ya twiga kwa maboksi, magazeti na uji wa ngano, ndani ya wiki 2 miguu imelegea na mgongoni kaota ukungu, na unauliza ununue gundi gani. Nimeziangalia picha zako zote 3 na nikwambie tu ukweli, gundi ni sehemu ndogo ya tatizo. Huyo kuku hana mifupa. Shingo yote ile imebebwa na boksi, na boksi likinyonya maji ya uji linakuwa kama mkate uliolowa kwenye chai.

Mimi nafanya hizi kazi mwaka wa 9 sasa. Babu yangu alikuwa mchongaji wa mpingo kule Newala na nakumbuka akianza kazi mpya alikuwa analigeuza gogo nyuma mbele, anaangalia mgongo kwanza, uso anauacha mpaka siku za mwisho kabisa. Nilikuwa sielewi kwa nini. Nilikuja kuelewa kwa kiboko wangu wa kwanza, kiboko mwenye miguu ya korongo, kichwa nilikipenda sana nikakimaliza chote, rangi, meno ya vipande vya kifuu, kope za katani, ndo nikaanza kumtafutia mwili. Nikimsimamisha anainamia mbele, nikiongeza waya nyuma anakaa chini, nikiongeza mbele mguu unapinda, wiki nzima napigana nae mpaka nikamvunja mwenyewe na nilisikia uchungu kweli.

Sasa hivi naanza hivi. Nachukua waya mmoja mrefu, unaanzia unyayo wa kulia, unapanda paja, unapita kiunoni na kushuka mpaka unyayo wa kushoto bila kukatwa popote, afu mwingine unakuwa uti wa mgongo mpaka puani, hizo mbili nazifunga kiunoni kwa binding waya na kukaza na plaizi mpaka hazichezi. Chini ya kila unyayo naacha waya urefu wa kidole, huo unaingia kwenye tundu la ubao wa kusimamia. Na kabla sijaweka hata karatasi moja natafuta jiwe lenye uzito kama wa kichwa ninachokitaka, nalifunga na kamba pale kichwa kitakapokaa, namuacha hapo mezani usiku kucha. Asubuhi nikimkuta kasimama vilevile naendelea, nikimkuta kainama narekebisha waya, hapo marekebisho ni dakika 5 tu. Waya nauzungushia tepu ya karatasi kote kwa sababu waya mtupu ukikutana na uji unashika kutu, na hiyo kutu ikishaanza inatokeza juu ya rangi madoa ya kahawia.

Kujaza mwili, magazeti makavu yaliyofinyangwa na kufungwa kwa uzi wa katani, basi. Usijaze kitu kibichi ndani hata siku moja.

Kuhusu ukungu, wengi hapo juu wamekushauri uweke chumvi kwenye uji. Kwa huku kwetu pwani mimi sikubaliani, chumvi inavuta unyevu wa hewani na hewa ya hapa inao mwingi, utakuta mnyama analowa wakati wa mvua hata kama yuko kabatini. Mimi napika uji kikombe 1 cha unga kwa vikombe 4 vya maji mpaka ung'ae, ukishapoa nadondoshea matone machache ya mafuta ya karafuu. Karatasi chana kwa mkono, usikate na mkasi, ncha iliyochanika inalala vizuri na hauioni ukipaka rangi. Tabaka 2 tu afu unaacha zikauke kabisa ndo unaongeza. Na hapa ndo nadhani ulikosea, ulimuanika juani. Jua linakausha ngozi ya juu haraka, ndani maji yamebaki yamefungiwa, ukungu unaanzia humo. Muweke kivulini penye upepo, msimu wa kusi siku moja inatosha, ila kuanzia Desemba mvua zikianza subiri siku 2 au 3. Kujua kama kakauka muwekee shavu, usimguse kwa kiganja, shavu linasikia ubaridi mdogo sana, na akiwa wa baridi ujue bado ana maji.

Kitu kingine, nimeona umeandika unataka kumpa magamba ya maganda ya korosho. Tafadhali usifanye. Nilimtengeneza kakakuona mwaka wa pili, mnyama ninaemheshimu sana maana huku akionekana watu wanamuwekea maji, mahindi na panga wajue mwaka utakuwaje, nikaona korosho ni magamba kamili kabisa. Yale mafuta ya kwenye ganda ni makali, yaliniunguza vidole 3 mpaka ngozi ikabanduka, na yaliyobaki yakachuruzika juu ya rangi yakaiharibu yote. Sasa magamba nakata ndala kuukuu zinazotupwa na bahari ufukweni, naziosha maji baridi, naanika, nakata kama kucha na kuzipanga kuanzia mkiani kwenda kichwani kama unavyoezeka makuti. Rangi zake hazihitaji hata kupakwa.

Na mtu asikuambie kuchanganya vitu ni mambo ya wazungu, nimeona mmoja kaandika hivyo hapo juu. Kinyago cha mapiko cha Wamakonde, kile cha kuvaa kichwani kwenye ngoma, ni mti mwepesi uliobandikwa nywele za mtu za kweli, na chale za usoni zinawekwa kwa nta ya nyuki. Na wewe uko Masasi, George Lilanga, yule mchongaji na mchoraji, alizaliwa huko huko mwaka 1934, mashetani anayoyachora na kuyachonga yana masikio makubwa na midomo mipana na aliyapaka rangi kali kali, katafute picha zake ukae nazo jioni moja uangalie miguu tu, jinsi kila shetani anavyosimama kivyake. Hata yule mjusi mkubwa (dinosaria) wa Tendaguru, Lindi, ambaye mifupa yake ilichimbwa 1909 hadi 1913 ikapelekwa Berlin, anafika mita 13 na zaidi kwenda juu na kinachomsimamisha pale ni fremu ya chuma. Niliwatengenezea wanangu mjusi huyo kwa gunia la korosho na spoku za baiskeli, shingo nilirudia mara 4.

Huyo kuku usimtupe. Mchane taratibu, kichwa kiweke pembeni maana ni kizuri, lile jicho la kifungo na kipande cha kanga juu yake linaangalia kweli. Anza waya upya, miguu iachane zaidi, mmoja utangulie mbele kidogo ili shingo ipate pa kuegemea. Ukifunga jiwe piga picha kwa ubavu kabla ya karatasi uiweke hapa, nitaangalia kiuno na wapi uzito unaangukia.