Funguo tatu, jina moja: nitumie upi?

Swali: Nataka kumtumia mwenzangu wa kazini nyaraka za siri kwa barua pepe iliyosimbwa kwa GnuPG, programu ya kusimba ujumbe. Nimetafuta anwani yake kwenye seva ya funguo, keyserver.ubuntu.com, zikatokea funguo tatu, zote zina jina lake. Kwenye keys.openpgp.org nimeambiwa hakuna kitu. Nichukue ule wenye tarehe ya karibuni?

Jibu: Kwa sasa usichukue hata mmoja, na tarehe usiitegemee kabisa. Anayetengeneza ufunguo ndiye anayeweka tarehe yake, na anaweza kuweka yoyote aitakayo. Jina nalo ni hivyo hivyo. Ukituma pesa kwa simu, jina linalotokea limesajiliwa kwa kitambulisho. Kwenye seva hii hakuna usajili wa namna hiyo: mtu yeyote anaweza kutengeneza ufunguo, akaandika jina na anwani ya mwenzako, akaupakia, na hakuna atakayemuuliza.

Huenda mbili ni zake za zamani. Hilo ni la kawaida sana: mtu akipoteza ufunguo wake wa siri, ule unaofungua ujumbe, na hakuweka akiba cheti cha kuubatilisha, ule wa umma, ambao wengine huutumia kumsimbia, hubaki kwenye seva kana kwamba bado unatumika. Ukiutumia huo, hataweza kuufungua ujumbe wako. Hatari kubwa zaidi ni ufunguo wa tapeli, kwa sababu akifanikiwa kuinasa barua, ataisoma yote.

Kuhusu keys.openpgp.org, iliyofunguliwa mwaka 2019, jibu la "hakuna" halimaanishi kwamba ufunguo haupo. Seva hiyo hutuma barua ya uthibitisho kwa mwenye anwani, na mpaka aithibitishe, ufunguo hautafutiki kwa barua pepe. Unaweza kupatikana kwa alama yake ya kidole, yaani msimbo mrefu unaoutambulisha ufunguo huo, ila utakuja bila jina, na matoleo mengi ya GnuPG hukataa kuingiza ufunguo wa aina hiyo. Mwombe mwenzako athibitishe anwani yake.

Sasa mpigie simu, au mwone ana kwa ana. Usimuulize kwa barua pepe ile ile, maana anayeweza kuinasa barua anaweza pia kuijibu. Aandike `gpg --fingerprint` na anwani yake, kisha akusomee alama yote. Kwa funguo nyingi zinazotumika leo ni herufi na tarakimu 40. Msiishie kwenye nane za mwisho: mwaka 2014 Richard Klafter na Eric Swanson walionyesha kwamba kadi ya kawaida ya michoro inaweza kutengeneza ufunguo bandia wenye nane zinazofanana kwa sekunde chache. Mwaka 2016 funguo bandia za namna hiyo zilionekana kwenye seva, mmojawapo ukiwa na jina la Linus Torvalds.

Ukishaipata alama, acha kutafuta kwa jina. Andika:

`gpg --keyserver hkps://keyserver.ubuntu.com --recv-keys`

ukifuatisha zile 40 bila nafasi. Ufunguo ukiingia, linganisha tena alama kwenye kompyuta yako, halafu utie sahihi kwa `gpg --lsign-key`, kuonyesha kwamba umehakikisha ni wake. Sahihi hiyo hubaki kwako tu, haiendi kwenye seva.

Mkikaa miezi kadhaa bila kuandikiana, anza na `gpg --refresh-keys` kabla ya kutuma chochote, kwani huenda ameshaubatilisha.