Maswali na majibu: Nahau za Kiingereza na pa kuzisemea

Swali: Bosi wangu alifiwa na baba yake. Nikamwandikia rambirambi kwa Kiingereza: nimesikitika kusikia mzee "has kicked the bucket". Kamusi inasema maana yake ni kufa. Mbona amenuna tangu siku ile?

Jibu: Kamusi haikukudanganya, ila hukuisoma hadi mwisho wa mstari, penye onyo kwamba ni maneno ya mzaha. Francis Grose aliiorodhesha nahau hiyo mwaka 1785, tena katika kamusi ya lugha ya mitaani, na tangu hapo haijapanda cheo. Ulichomwandikia bosi ni sawa na "pole kwa mzee kukata kamba". Maana imefika, na heshima imebaki nyuma. Msibani sema "passed away", au "died" bila pambo lolote, haina ubaya. Kila wiki napata barua ya mtu aliyejua maana asijue pa kusemea, na kila wiki najibu lilelile. Omba radhi, tena kwa mdomo. Usiandike tena.

Swali: Nilikuwa napanda jukwaani kuigiza, mwenzangu akaniambia "break a leg", yaani vunja mguu. Ni laana?

Jibu: Ni dua. Watu wa maigizo wanaotumia Kiingereza huona kumtakia mwenzao heri waziwazi ni nuksi, basi humtakia shari ili heri ije yenyewe. Kuhusu asili yake utasimuliwa hadithi nyingi, na anayesimulia kwa uhakika zaidi ndiye wa kuogopwa. Jihadhari tu: hiyo ni ya jukwaani. Usimwambie mchezaji wa mpira, wala mgonjwa anayeingizwa chumba cha upasuaji.

Swali: Naomba nahau 500 za Kiingereza na maana zake. Nina usaili wiki ijayo.

Jibu: Hapana.

Swali: Shuleni tulikaririshwa "it's raining cats and dogs", yaani mvua kubwa inanyesha. Nafanya kazi na Waingereza mwaka wa tatu sasa, mvua zinanyesha, sijawasikia wakiisema.

Jibu: Wanaijua, lakini imechakaa. Mwandishi Jonathan Swift aliitia katika kitabu chake cha 1738 cha kuwakejeli watu wanaozungumza kwa misemo iliyochacha. Iliyochacha mwaka 1738, fikiria leo inanukaje! Wenzako watasema "it's pouring" na kufunga dirisha. Walimu wanaipenda kwa sababu inachoreka vizuri ubaoni.

Swali: Kwenye kikao cha mtandaoni Mmarekani alisema "let's table this". Nikaanza kuwasilisha hoja yangu, wote wakanikodolea macho.

Jibu: Pole, hapa huna kosa. Kwa Mwingereza, "to table" ni kuileta hoja ijadiliwe, ndiyo "kuwasilisha mezani" tunayoisikia bungeni. Kwa Mmarekani ni kuiweka kando, pengine isirudi kabisa. Neno moja, maana zinapigana. Winston Churchill anasimulia katika kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia jinsi maofisa wa pande hizo mbili walivyobishana vikali na kwa muda mrefu kuhusu waraka mmoja. Waingereza wanataka "kuutable" kwa kuwa ni wa haraka, Wamarekani hawataki kwa kuwa ni muhimu. Kumbe wote walitaka ujadiliwe. Ikiwa wenye lugha walikwama hivyo vita ikiendelea, wewe uliza tu: tunaijadili sasa au baadaye? Hakuna atakayekucheka.

Swali: "Once in a blue moon": mwezi huwa wa buluu kweli?

Jibu: Mara chache mno, vumbi au moshi ukijaa angani, kama baada ya mlipuko wa volkano ya Krakatoa mwaka 1883. Wanaokwambia ni mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda wamerithi kosa la gazeti moja la elimu ya nyota la 1946. Nahau yenyewe ni ya jambo lililoadimika kama wali wa daku.

Swali: Mimi ni mfasiri. "At the end of the day" naandika "mwisho wa siku". Mhariri anaikata kila mara. Yuko sahihi?

Jibu: Mpelekee salamu zangu. Mwisho wa siku ni magharibi, jua linazama. Ukikusudia jambo lenye uzito kuliko mengine, "hatimaye" ipo, "mwishowe" ipo, na iliyonona kuliko zote ni "yote tisa, kumi ni…" Watangazaji wameizika hii ya mwisho ikiwa hai. Na kwa kuwa umeniletea kurasa tatu za kazi yako, nimeona pia "alimwaga maharagwe" mahali Kiingereza kilipokuwa na "spilled the beans". Msomaji wako atatafuta ufagio. Siri ikitoka hadharani, kwetu kinachomwagwa ni mtama, na kuku wawepo wengi.