Kaseti ya Super Famicom kwenye Super Nintendo ya Marekani

Itacheza, ndugu. Super Famicom ni jina la Kijapani la Super Nintendo, ile mashine ya gemu za video. Umesema mashine yako ni ya Marekani na kaseti ya Japani inagoma kuingia: kinachozuia ni plastiki tu. Mulika tundu la kaseti kwa tochi ya simu, utaona vijino viwili upande wa nyuma. Ving'oe kwa plaizi, taratibu, kwisha kazi. Chipu ya ulinzi, ile inayozuia kaseti za maeneo mengine, ya Japani na Marekani ni ile ile. Wenye mashine za Ulaya ndio wenye shughuli, maana chipu yao ni tofauti.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama gemu bado inasevu. Kaseti nyingi zina kibetri kama sarafu kilicholehemiwa ndani, na cha miaka ya 1990 huenda kimeshakufa. Mimi nilicheza wikendi nzima, nikazima, nikawasha: patupu!

Lugha? Gemu za mbio na ngumi hazina shida. Ila gemu ya hadithi kama Final Fantasy V ya 1992 ni maandishi ya Kijapani mwanzo mwisho, utachoka.

Ukishawishika kuagiza na mashine yenyewe ya Japani, adapta yake ni ya volti 100. Usithubutu kuichomeka kwenye 230 yetu.